Mkia wa Ngoma ya Selwyn

Kwa miaka kumi na tisa nimeishi ukuta mmoja na Selwyn Pardoe, na kwa miaka kumi na tisa nimemsikia akitafuta mlio mmoja wa ngoma. Si wimbo. Wimbo angeupata, tukampigia makofi, mambo yakaisha. Ni mlio. Pigo moja tu: DU, kisha kimya, kisha "hapana," kisha DU tena. Watu wa mtaa wetu hapa Cradley Heath wana subira, maana babu zao walifua minyororo ya meli na wamezaliwa wakigongewa masikioni. Mimi si wa ukoo wa minyororo. Nilikuja hapa kufua mashuka ya hospitali, nikaolewa, nikafiwa, nikabaki, na subira yangu karibu yote niliimaliza kwa marehemu mume wangu. Kwa Selwyn ilibaki ya kupima kwa kijiko.

Lakini mtu huwezi kumchukia jirani anayekusafishia theluji mlangoni kabla hujaamka. Ni mrefu, kainama kidogo, kofia haimtoki kichwani, na ana miaka sitini na sita. Kazini kwake, kwenye kiwanda cha minyororo, alikuwa msikilizaji. Ndiyo, ilikuwepo kazi hiyo. Mnyororo ukishapoa, Selwyn alipita na nyundo ndogo akigonga kiungo kimoja kimoja huku ametega sikio. Kiungo kizima hulia kama kengele. Kiungo chenye ufa hulia kama mtu mwenye mafua, na hicho kilirudishwa motoni. Alifanya hivyo miaka thelathini na minne, na hakuna meli iliyopotea kwa sababu yake. Akisimulia hayo hujivuta ndewe ya sikio na kusema, "Masikio haya, jirani, yamebeba mabaharia wengi kuliko bandari ya Liverpool."

Jumamosi alipiga ngoma kwenye klabu ya wafanyakazi, yeye na wazee wenzake wawili, nyimbo za zamani kwa watu wa zamani, ambao walizungumza kuanzia mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Hilo halikumuudhi. Ngoma za Jumamosi zilikuwa mchezo. Kazi yenyewe ilikuwa kwenye kibanda chake cha bustanini, siku nyingine zote, kuanzia saa nne asubuhi mpaka mkewe Noreen alipogonga dirisha.

Mlio alioutafuta ulitoka kwenye santuri ya mwaka 1971, ya kundi lililoitwa Coldharrow, wimbo wa tatu upande wa pili. Mpiga ngoma wao, kwa maelezo ya Selwyn, alipelekwa kupiga ndani ya ghala tupu la shayiri la kiwanda cha pombe, na kipaza sauti kikaning'inizwa juu darini. Selwyn alikuwa na miaka kumi na tatu alipousikia. Aliwahi kunieleza mlio wenyewe akiwa ameshika ua wa bustani kwa mikono miwili, kama mtu anayeeleza alivyookoka.

"Una kichwa, una tumbo, una mkia," alisema. "Kichwa ni kijiti kinapogusa ngozi. Tumbo ni ghala linavyoitikia. Hivyo viwili mjinga yeyote anavipata."

"Na mkia?"

"Mkia unakuja mwisho. Mdogo, mwembamba. Kama mtu anacheka chinichini chumba cha pili."

Mkia ndio uliomshinda. Aliwamba ngoma kwa ngozi ya ndama, kisha ya mbuzi. Aliijaza ngoma kubwa magazeti, mito, na blanketi la harusi yao, jambo ambalo Noreen alilijua siku alipolihitaji. Alipiga chini ya daraja la reli. Alimwomba mchungaji ruhusa ya kupiga kwenye ngazi za kanisa, akapewa saa moja, na siku hiyo ikawa ndiyo siku ya mazishi ambayo mtu fulani alisahau kuiandika. Kila mara alirudi akiwa na tumbo zuri na kichwa kizuri, na kila mara alisema neno lilelile: hakuna mkia.

Jambo la ajabu, mkia haukuwepo hata kwenye santuri yenyewe. Ile yake ya utotoni iliachwa dirishani kwenye jua ikajikunja kama chapati, na tangu hapo alinunua nyingine saba, na zote hazikuwa na mkia. Mtu mwingine angejiuliza swali. Selwyn hakujiuliza. Alisema kampuni ya santuri imeusafisha. Wamekaa London, wamevaa makoti meupe, wameukata mkia kwa kuudhani uchafu. Aliwaandikia barua kumi na moja. Walimjibu mara moja, kwa kumtumia kalenda.

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa, na pengine tungezeeka hivyo, lau si Noreen kumburuta hospitalini kwa ajili ya sauti ya televisheni. Ilikuwa ikisikika mpaka kwangu, na mimi siipendi ile tamthilia yao. Wakampima masikio, wakampa karatasi yenye mstari. Mstari ulianza vizuri, kama mtu anayetembea barazani, ukafika ukingoni, ukaanguka. Aliniletea niuone.

"Wanasema vijiko vinakwenda kwanza," alisema.

"Vinakwenda wapi?"

"Masikioni, jirani. Sauti nyembamba. Vijiko, ndege, maji ya birika yakianza kuchemka. Wanasema zimeshaanza kwenda, na hazirudi."

"Na ngoma?"

"Ngoma nitaisikia mpaka kaburini."

"Basi shukuru Mungu. Shida iko wapi?"

Alinitazama kama nimemtukana. "Mkia," alisema. "Mkia ni mwembamba."

Hapo nilimrudishia karatasi yake. Nilielewa kwamba huyu bwana hatafuti sifa wala hatafuti kumshinda mtu. Anataka kuusikia ule mlio mara moja, kwa masikio yake mwenyewe, kabla mlango haujafungwa. Hakuna aliyejua umebaki muda gani. Mpaka majira ya kuchipua, labda, walisema hospitalini, labda zaidi, labda chini.

Kuanzia siku hiyo hakupumzika. Na kwa kuwa hakupumzika, mwenzake Lionel Tromans akamhurumia. Lionel ndiye mpiga gitaa la besi wa kundi lao, mtu msafi kupita kiasi, mwenye gramafoni ya bei ya gari, ambayo haruhusiwi kuigusa mtu aliyekula siagi. Lionel alitafuta na kupata santuri ya Coldharrow ya toleo la kwanza kabisa, iliyotoka kiwandani wiki ileile ya mwaka 1971, kabla ya makoti meupe yoyote. Akatualika Jumamosi asubuhi. Noreen alinishika mkono nimsindikize, alisema hawezi kuvumilia peke yake wazee wawili wakitazamana na santuri.

Lionel alivaa glavu za pamba. Akaiweka santuri, akateremsha sindano, akarudi nyuma hatua mbili kwa heshima. Wimbo wa tatu ukaanza. DU. Selwyn alikuwa amefumba macho. DU. Akafumbua.

"Hii nayo wameikata," alisema.

"Imekatwa na nani, bwana wee? Mkunga?" Lionel alisema. "Hii ndiyo ya kwanza. Nyuma ya hii hakuna kitu."

"Basi mashine yako mbovu."

Lionel aliweka mkono wenye glavu kifuani. "Niambie magoti yangu mabovu, Selwyn. Niambie gitaa silijui. Lakini mashine hii usiitaje."

"Mkia ulikuwepo! Niliusikia kila Alhamisi kwa miaka mitatu. Ningeweza kuapa mbele ya hakimu."

"Uliusikia wapi?"

"Nyumbani, sebule ya mbele."

Sasa, sebule ya mbele ya watu wa hapa haikuwa chumba cha kukaa. Ilikuwa heshima ya nyumba. Watu walikaa jikoni, wakala jikoni, wakagombana jikoni, na sebule ya mbele ikafunguliwa kwa Krismasi, kwa mchungaji, na kwa maiti. Mtoto kuingia humo ilikuwa ni kutafuta kofi.

"Mama yako alikuruhusu?" Lionel aliuliza.

"Gramafoni ilikuwa humo, ningeenda wapi? Alhamisi alikuwa anaoka, mikono ina unga, hawezi kunikamata. Alikuwa anapiga kelele tu toka jikoni."

"Anasema nini?"

"Kitu kilekile. Kila nikifika wimbo wa tatu. 'Vikombe vyangu! We Selwyn, vikombe vyangu!'" Selwyn alicheka kidogo kwa kumkumbuka mama yake. "Ilikuwa namna yake ya kusema nipunguze."

Noreen aliweka kikombe chake chini taratibu. Mimi nilimtazama Noreen. Lionel alikuwa bado anamtazama Selwyn.

"Mzee," Noreen alisema, "kabati la vyombo la mama yako lilikuwa upande gani?"

"Pale pale, limegusana na gramafoni. Lilikuwa na milango ya vioo, limejaa vile vikombe vya harusi yake ambavyo hakuna mtu aliwahi..."

Hakuimaliza. Tulimwona akiisikia sentensi yake mwenyewe.

Nisiseme uongo, tulicheka. Noreen alicheka mpaka akatoa leso. Lionel alicheka huku ameinua mikono ili asiguse chochote kwa glavu. Mimi nilicheka kwa miaka yangu kumi na tisa ya ukuta. Mtu aliyelipwa mshahara kutambua ufa kwa sikio alikuwa amependa mtikisiko wa kabati tangu utoto, akaisingizia kampuni nzima ya London. Wale wa makoti meupe hawakukata chochote. Kalenda yao ilikuwa jibu la haki kabisa.

Selwyn peke yake hakucheka. Alivaa kofia yake akasema, "Kwa hiyo ni kabati. Sawa. Kabati linapatikana."

Wiki iliyofuata alinunua kabati kwenye duka la mitumba la hisani la hospitali, na vikombe sita. Akaliingiza kibandani. DU. "Hapana." Akanunua la pili, lenye vioo vyembamba zaidi, na vikombe kumi na viwili. "Hapana." La tatu alilitoa mji wa Stourbridge kwa gari la kukodi, na siku hiyo hapakuwa tena na nafasi ya Selwyn mwenyewe kibandani, ikabidi apige ngoma mlango ukiwa wazi na nusu ya mgongo nje kwenye mvua.

"Nimeolewa na duka la vyombo," Noreen aliniambia kwenye ua.

Lakini hakuwa anacheka tena, na mimi vilevile. Kwa sababu kabati la tatu lilikuwa linalia. Nililisikia jikoni kwangu, ukuta katikati: DU, na nyuma yake, mwembamba, wazi kabisa, mlio wa vikombe. Lilikuwa linachekacheka kama alivyosema. Kisha nikamsikia yeye, kwa sauti ya mtu aliyechoka: "Hapana. Hakuna mkia."

Noreen alikuwa ameshika kamba ya nguo. "Umesikia?" aliuliza.

"Nimesikia."

"La pili nalo lilikuwa linalia."

"Mwambie, basi."

"Nimwambie nini? Nikisema ni masikio, atasema ni kabati. Ataendelea kununua makabati mpaka tulale nje." Alibana kibanio kwenye shati lisilo na unyevu. "Liko moja tu ambalo hawezi kulisingizia. Na hilo hawezi kwenda kuliona, ana kichwa kigumu kama baba yake. Mpeleke wewe, jirani. Wewe si wa ukoo, hawawezi kukununia."

Kabati la mama yake Selwyn lilikuwa Halesowen, kwa Glenys, dada yake mkubwa wa pekee. Kwa gari ni dakika kumi. Hawakuwa wamesemezana kwa miaka kumi na mmoja, na sababu ilikuwa kabati lenyewe. Siku ya mazishi ya mama yao, watu wakiwa bado na mikate ya nyama mikononi, Glenys alisema angependa kuchukua kabati la vyombo. Selwyn, ambaye alitaka nyumba iuzwe haraka, alisema mbele ya wote, "Chukua hilo takataka, halikumfaa mtu hata siku moja." Glenys akamjibu, "Miaka yote hiyo ulimpigia mama kelele, hukumsikia hata mara moja. Debe tupu haliachi kuvuma." Maneno hayo kumwambia mpiga ngoma, mbele ya wenzake wa kundi! Tangu hapo Selwyn hakusema "dada" tena. Alisema "yule mama wa Halesowen," kama vile ni mtu aliyesomwa gazetini.

Kumpeleka hakukuwa vigumu kama Noreen alivyodhani. Nilimwambia tu kwamba Glenys ni mtu mzima, na watu wazima huwa wanagawa vitu vyao bila taarifa. Alijivuta ndewe ya sikio. Kisha akaniuliza kama ngoma mbili zinaenea kwenye gari langu.

Tulikwenda Jumapili, saa tisa alasiri. Njiani alijizoeza. "Nitasema, 'Habari, Glenys. Nimepita tu.'"

"Umepita tu na ngoma mbili?"

"Nitaanza na habari, nitaona."

Glenys alifungua mlango akiwa na aproni. Ni mfupi, amepakua chakula cha shule kwa miaka ishirini na sita, na macho yake bado yanapima kama umemaliza mboga. Alimtazama kaka yake kuanzia kofia mpaka viatu, kisha akatazama alichokumbatia.

"Umekuja na ngoma," alisema.

"Ndiyo."

"Hukuja na maua."

"Jirani amesahau," Selwyn alisema, na mimi nikabaki nimeachama. Nimesahau mimi!

"Yule ndiye jirani? Pole, dada," Glenys aliniambia. "Karibu ndani. Na wewe pita, unaingiza baridi."

Alituingiza sebule ya mbele. Haikuwa sebule ya heshima hata kidogo. Kulikuwa na magazeti kitini, sufi ya kufuma, na paka mnene ambaye hakuhama. Kabati lilikuwa pembeni. Selwyn aliliona kabla ya kuona kitu kingine chochote, akaenda, akainama kwenye kioo. Akainama zaidi.

"Viko wapi?" aliuliza.

Ndani kulikuwa na vikombe viwili na visahani vyake. Rafu nyingine zote zilikuwa na bili za umeme.

"Vilikuwa kumi na viwili," Selwyn alisema. "Viko wapi, Glenys?"

"Nimevinywea chai."

"Umevinywea chai?"

"Kila asubuhi. Kikombe kinanywewa, kinaoshwa, siku moja kinaponyoka. Miaka kumi na mmoja." Glenys alikunja mikono. "Mama alivitunza miaka sitini kwa ajili ya mgeni wa maana. Mgeni hakuja, Selwyn. Amekufa akinywea kikombe cha bati chenye picha ya mbwa. Nikasema, basi, mgeni ni mimi."

Selwyn alikaa juu ya ngoma yake. "Umekunywa mlio wangu," alisema.

Glenys alinigeukia. "Huyu anasema nini?"

Nikamweleza mimi, maana yeye hakuweza. Nilimweleza santuri, na mkia, na Alhamisi, na "vikombe vyangu," na ile karatasi ya hospitali yenye mstari ulioanguka. Nilipofika kwenye karatasi Selwyn alitazama paka. Glenys hakucheka. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko chake njia nzima, na hakucheka.

"Piga," alimwambia kaka yake. "Viwili vitatosha. Piga tuone."

Alifunga ngoma zake bila haraka, ile kubwa na ile ndogo yenye nyaya chini, akazisogeza mpaka zikakaribia kabati. Akavua koti. Akapiga.

DU.

Na mkia ukaja. Vikombe viwili tu, lakini kabati lilikuwa lenyewe na vioo vilikuwa venyewe, na vikacheka nyuma ya pigo, vidogo, mpaka vikanyamaza. Nywele zilinisimama. Miaka kumi na tisa nilisikia jambo likikosewa, na sasa nilisikia likipatikana, na nilielewa kwa nini mtu angelitafuta. Paka alihama.

Glenys alikuwa na mkono mdomoni. "Mama yangu," alisema. "Nilidhani ataingia sasa hivi na unga mikononi."

Selwyn alikuwa anatutazama, mmoja, kisha mwingine. Hakuwa analitazama kabati. Alikuwa anasoma nyuso zetu.

"Mkia umelia?" aliuliza.

Akapiga tena, kwa nguvu zaidi. Vikacheka tena. Akainamisha kichwa upande wa kioo, kama zamani alivyokuwa akiinama kwenye kiungo cha mnyororo, na akapiga mara ya tatu, na nikaona uso wake ukitafuta, ukifika mahali ulipozoea kukuta kitu, na kukuta hapana.

"Umelia, Selwyn," Glenys alisema. "Upo. Naapa kwa kaburi la mama, upo."

"Sawa," alisema. Aliweka vijiti juu ya ngoma, sambamba, kwa uangalifu mkubwa. "Sawa. Basi ni vizuri kwamba upo."

Niliumia. Sitalipamba neno, niliumia hasa. Nilitamani kibanda, nilitamani makabati kumi, nilitamani angalau aseme kabati ni bovu. Hakusema. Alikaa tu, mzee mwenye kofia kati ya ngoma mbili.

Glenys alikwenda kwenye kabati, akafungua kioo, akatoa kikombe cha kwanza.

"Usivitoe!" Selwyn alisema. "Ukivitoa hautakuwepo kabisa."

"Acha kunipigia kelele ndani ya nyumba yangu." Akatoa cha pili. "Nina mgeni."

Alileta birika. Alimimina chai, akatia maziwa bila kuuliza, vijiko viwili vya sukari bila kuuliza, akampa kimoja. Kingine alinipa mimi, yeye akachukua kikombe cha plastiki. Selwyn alikipokea kisahani kwa mkono ambao ulikuwa umepiga ngoma mara tatu kwa nguvu zote na bado unatetemeka. Alikiinua apulize chai. Kikombe kikagongana na kisahani.

Akaganda vilevile, midomo imechongoka.

Akakiinua zaidi, pembeni ya uso, mpaka kisahani kikagusa ukingo wa kofia. Akakitikisa. Akakitikisa tena. Chai ikamwagika begani kwake.

"Utaunguza shingo, mwehu wee," Glenys alisema. Kisha akaona uso wake. Alimnyang'anya kisahani, akaimwaga chai yote kwenye chungu cha ua, akavua kofia ya kaka yake kwa mkono mwingine. Akakisogeza kikombe kitupu mpaka sikioni kwa Selwyn na kukitikisa yeye mwenyewe, kidogokidogo, kwa mkono wa mtu aliyezoea vyombo.

"Huo?"

"Huo," Selwyn alisema. "Usiache."

Hakuacha. Selwyn alifumba macho, akakipapasa kijiti, akakipata. DU, na dada yake akatikisa. DU, akatikisa. Mara mbili alichelewa, akamwambia, "Wahi, Glenys, mkia haukai mbali hivyo," naye akasema, "Nipige ngoma na mimi, sasa?" na akawahi. Nilihesabu mapigo kumi na tisa kisha nikapoteza hesabu kwa sababu nilihitaji leso.

Mwisho mkono wa Glenys ulichoka. Alikishusha kikombe mapajani. Selwyn alifumbua macho, akamtazama, na midomo yake ikahangaika kidogo na kitu.

"Samahani, dada," alisema. Alilisema kwa sauti kubwa mno, kama wanavyosema watu walioanza kuzibika masikio, nadhani mpaka ng'ambo ya barabara walilisikia.

Glenys alipangusa kikombe kwa aproni, ndani na nje.

"Sijasikia," alisema. "Rudia."

Akarudia.